Daftari la Magoti

Daftari lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia mambo haya kana kwamba nilikuwa mpita njia tu, na sivyo. Nililinunua mwenyewe, nikalipigia mistari kwa rula, nikaandika kwenye jalada kwa kalamu nene: MAGOTI.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kabuchai, miwa imetuzunguka mpaka kwenye ua. Shule haikujulikana kwa lolote ila voliboli. Wasichana wetu waliruka, na kwa kuwa waliruka, kila muhula wawili watatu waliingia darasani kwangu wakichechemea, wakaketi na mguu umenyooshwa chini ya dawati kama ubao. Dawa ya mwalimu wa michezo ilikuwa maji moto yenye chumvi na neno moja: "Jikaze."

Mimi sijawahi kucheza mchezo wowote, ila kuhesabu najua. Nilimwendea mwalimu huyo nikamwomba ruhusa ya kuandika habari za timu yake. Alicheka mbele ya walimu wenzetu.

"Madam, hesabu yako itaruka neti?"

"Haitaruka. Lakini pengine itatuambia nani hafai kuruka kesho."

"Haya, andika bana. Karatasi haina hasara."

Basi kila jioni kabla ya chakula, kila mchezaji aliandika goti lake linauma kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi, alilala saa ngapi, na kama walifanyia mazoezi nyasini au kwenye udongo mgumu nyuma ya bwalo. Msichana mmoja ambaye hakuwa akicheza aliketi kando na kuhesabu miruko ya kila mwenzake kwa kuchora vijiti. Jumamosi nilikwenda Kitale kwa dada yangu, na Singasinga mmoja mwenye duka la vitabu mjini aliniruhusu kutumia kompyuta yake iliyokuwa nyuma ya kaunta. Siku moja alichungulia mistari niliyochora.

"Hii inapanda kama bei ya unga. Ni nini?"

"Ni maumivu, mzee."

Alitikisa kichwa, akaniletea chai.

Baada ya wiki kadhaa mistari ilianza kusema. Maumivu hayakuja siku ya kuruka sana, yalikuja siku ya pili yake. Walioruka siku tatu mfululizo kwenye udongo mgumu ndio walioandika saba na nane. Aliyelala kidogo aliumia hata kwa miruko michache. Hakukuwa na uchawi wowote hapo. Mama yeyote anayelima anajua mgongo huuma kesho yake. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na majina na siku.

Mwalimu wa michezo alikubali kujaribu. Kila siku ya tatu walipumzika, na miruko yote ikawa nyasini. Kapteni wetu, msichana mrefu kutoka milimani Kapsokwony, alishuka kutoka saba mpaka tatu. Tena mipira aliyokuwa akiipiga kwa uchovu katika seti ya mwisho, sasa aliipiga ndani kwa nguvu mpaka ikadunda na kutoka nje ya uwanja.

"Madam," aliniambia siku moja akicheka, "siku hizi naruka kama mbuzi wa kwetu."

Kisha ukaja mwaliko wa mashindano Kitale. Mwalimu mkuu alitangaza asubuhi, wanafunzi wote wakiwa mstarini, kwamba kombe hilo lazima lije kwetu. Kuanzia siku hiyo mapumziko yakafutwa, na timu ikarudishwa nyuma ya bwalo kila jioni. Nililalamika. Mwalimu wa michezo akanituliza, akaniomba daftari. "Niachie usiku mmoja tu. Nataka nijifunze hii hesabu yako." Nilimpa kwa mikono miwili, nimefurahi kwamba hatimaye mtu ameheshimu kazi yangu.

Nilitarajia namba zipande. Hazikupanda. Wiki iliyofuata nilifungua daftari nikaona sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Kapteni: sifuri siku nne. Mwalimu wa hesabu hapo angesimama ajiulize. Udongo ule ule, miruko zaidi, usingizi pungufu, na maumivu yametoweka? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeniletea jibu kama hilo ningemrudishia akafanye upya. Mimi nilifurahi. Nilitangaza katika chumba cha walimu kwamba miili yao imezoea. Mpaka leo nikikumbuka sauti yangu siku ile, nilivyojisifu na kikombe mkononi, natamani kutema mate.

Kitale tulifika mapema, daftari likiwa kwa mwalimu wa michezo, aliyeniomba tena usiku wa kuamkia safari. Tulishinda mechi mbili za asubuhi, ikabaki fainali baada ya chakula cha mchana. Nilikwenda kutafuta choo. Nyuma ya ghala la shule iliyotukaribisha nilikuta wasichana wetu wamepanga foleni, kimya, kila mmoja amevingirisha bukta. Mbele yao aliketi mwanamume nisiyemjua juu ya debe lililopinduliwa. Mkononi alikuwa na bomba la sindano. Alidunga paja, akapangusa sindano kwa pamba, akaivuta dawa tena, akadunga paja lililofuata. Pamba ilikuwa ile ile, na imekuwa kahawia. Sindano ilikuwa moja.

Kando yake chini palikuwa na chupa. Niliiokota. Ilikuwa na picha ya ng'ombe.

"Wewe ni daktari?" nilimuuliza.

"Mimi ni wa mifugo, mwarimu," alijibu bila haya. "Lakini nyama ni nyama. Hii inatoa uchungu mara moja."

Na juu ya goti lake, limefunguliwa, lilikuwa daftari langu. Mtu alikuwa ameyazungushia kalamu nyekundu majina yote yaliyowahi kuandikwa tano na kuendelea. Hao ndio waliokuwa kwenye foleni. Niliyoyaandika ili wapumzishwe yalikuwa yamegeuzwa orodha ya kudungwa.

Nilitapika pale pale, kando ya ukuta. Sijui kama ni chupa, au pamba, au mwandiko wangu mzuri juu ya goti la mtu yule. Kisha nikapiga kelele, nikainyakua sindano nikaivunja kwa kiatu, nikalichukua daftari langu, nikawafukuza wasichana kutoka pale. Kapteni alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Yeye alikuwa amekwisha kudungwa.

Nilimkimbilia mwalimu wa michezo. "Kapteni hachezi."

"Anacheza."

"Hasikii goti lake! Litavunjika naye hajui!"

"Madam, si ni wewe ulituonyesha nani anaumwa? Tumemtibu. Sasa kelele ya nini?"

Nilimwendea mwamuzi, akaniambia niyamalize na shule yangu. Nilimwendea mwalimu mkuu aliyekuwa ameketi na wageni, akanishika mkono akitabasamu ili wageni wasijue, akaninong'oneza kwamba nisimtie aibu. Mwisho nilimwendea mtoto mwenyewe. Aliniangalia kwa upole, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nahitaji kutulizwa.

"Niache nicheze, Madam. Siumwi hata kidogo."

Goti lilikatika katika seti ya tatu. Alikuwa ameruka juu sana, na aliposhuka tulisikia wote, hata waliokuwa upande wa pili wa uwanja, mlio kama wa muwa unaovunjwa. Hakulia. Aliketi chini akautazama mguu wake uliokuwa umeelekea kando, amekunja uso kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Wakamtoa, wakamwingiza mwingine, wakashinda. Nilipokuwa nikimpandisha kwenye gari la kumpeleka hospitali, nilisikia wakiimba nyuma yangu, na sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa juu kuliko zote.

Njiani aliniambia kila kitu. Mtu yule alikuwa akija shuleni kila baada ya siku mbili, wakidungwa katika stoo ya majembe. Waliambiwa ni vitamini, na kwamba Madam wa hesabu ndiye aliyechagua nani apewe.

"Nilidhani unajua," alisema.

Nilimshika mkono mpaka hospitalini, na huko nikamweleza daktari yote, pamoja na ile sindano moja. Wasichana wote walipimwa damu, wakapimwa tena baada ya miezi mitatu. Mungu aliwahurumia, hakuna aliyeambukizwa chochote. Katika miezi hiyo sikuweza kula mbele ya watu.

Niliandika barua nikaipeleka ofisi ya elimu Bungoma. Ofisa aliisoma, akalifungua daftari nililoambatanisha nayo, akageuza kurasa zake kwa muda mrefu. Nilifikiri amekasirika. Alipoinua kichwa alisema, "Kazi safi hii. Unaweza kutufundishia walimu wengine wa michezo?" Kuhusu chupa na sindano alisema wataangalia. Waliangalia. Muhula uliofuata mwalimu wa michezo alihamishiwa shule kubwa zaidi, na wenzangu walimfanyia karamu ya kuku. Sikwenda. Niliomba uhamisho nami, nikapata shule ndogo ya kutwa isiyo hata na neti.

Kapteni alifanyiwa upasuaji mara mbili. Nilimtembelea kwao Kapsokwony miaka michache baadaye. Alikuwa ameolewa, analima viazi na vitunguu mteremkoni. Kupanda mlima anapanda vizuri, lakini kushuka hawezi, kwa hiyo akitaka kwenda sokoni hupanda pikipiki. Alinipikia, tukacheka mambo ya darasani. Niliomba msamaha, kwa sababu ndiko nilikokwenda kufanya hivyo.

Alinimiminia chai. "Ulituuliza kama tunaumwa," alisema. "Hakuna mwingine aliyekuwa akituuliza."

Alisema hivyo kunifariji, najua. Nilikunywa chai mpaka ikaisha, nikamwomba anionyeshe shamba lake.