Yunifomu ya Jumamosi

Jumamosi ile ya soko pale Olenguruone, Chelangat aliingia kwa fundi Joan akiwa mama wa watoto watatu, akatoka akiwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Sketi ya kijivu yenye marinda, shati jeupe pepepe, sweta ya kijani, tai, soksi zilizovutwa hadi magotini. Nywele alikuwa amezinyoa zote jana yake, na baridi ya Mau ilikuwa inampiga kisogoni bila huruma. Umri wake? Thelathini na tisa, na kama una shida na hiyo, shauri yako.

"Hiyo ni ya Jumatatu," Joan alimwambia, pini zikiwa bado mdomoni. "Leo nikufungie kwa karatasi ubebe."

"Unifungie? Joan, hii nguo nimeingoja tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na nne. Haiingii kwa karatasi!"

Na kweli alikuwa ameingoja. Darasa la Nane alipita vizuri sana, akaitwa shule ya upili, lakini mwaka huohuo babake akafariki, na mamake, Tapsubei, akasema neno moja tu: ng'ombe hawajichungi. Yakaisha. Chelangat akachunga, akaolewa na Weldon, akalea, akasomesha wanawe mpaka kitinda mimba akamaliza. Ndipo akaenda shule ya kutwa iliyo karibu, akaomba nafasi, akapewa. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba mtu mzima kama yeye anaweza kuja na nguo zake za kawaida. Wapi! "Mwalimu, kama ni kusoma, nitasoma na nguo ya kusoma."

Weldon alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaenda mwenyewe kumnunulia viatu. Shida ilikuwa mamake. Siku Chelangat alipompelekea habari, yule mama aliinuka kwenye kigoda, akachukua ndoo, akaenda kumkamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa. Hakusema ndiyo, hakusema la. Tangu siku hiyo, kimya. Na kwao huwezi kuanza jambo kubwa mzazi akiwa amekununia. Hata ukifika, hufiki na baraka. Chelangat alikuwa amejiapia: asipopata neno la mamake kabla ya Jumatatu, hakanyagi darasani. Ndiyo maana hakutaka karatasi ya Joan. Alitaka mamake amwone akiwa nayo mwilini.

Basi akalipita soko katikati. Angeweza kuzunguka kwa nyuma, lakini azunguke kwani ameiba? Watu waliacha kuchagua kabeji, wakageuka. Njuguna, muuza viazi mwenye mdomo mkubwa kuliko magunia yake, akapaza sauti:

"Mathe! Umevaa uniform ya mtoto, sasa Jumatatu yeye ataenda shule na nini?"

"Ni yangu, boss!"

"Yako? Uko class gani?"

"Form One! Na ukizidi kupiga kelele nitaandika jina lako nimpelekee mwalimu!"

Soko zima likaangua kicheko. Mama mmoja wa mboga akapiga kigelegele, mwingine akadakia, na Chelangat akapita katikati yao kifua mbele, moyo ukimdunda, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Haki ya nani, kuna mabibi harusi ambao hawajawahi kusindikizwa hivyo. Watoto walimfuata mpaka mwisho wa lami wakiimba, "Mwanafunzi! Mwanafunzi!" naye akawapungia mkono bila aibu yoyote.

Lakini alipoanza kushuka kijia cha kwenda kwa mamake, kati ya mashamba ya majani chai, akili ikaanza kumrudia. Aliruka matope asichafue soksi. Alipofika langoni akasimama, akanyoosha tai, akapiga hodi, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto aliyechelewa gwaride.

Tapsubei alikuwa uani akimenya minji. Akainua macho. Akaanzia viatu, akapanda polepole, marinda, sweta, tai, hadi kile kichwa kilichonyolewa.

"Mama," Chelangat akasema, "Jumatatu naanza."

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Toa hiyo nguo."

Wee! Ilikuwa kama kumwagiwa maji ya mtoni. Chelangat alitaka kujibu, alitaka kusema mimi ni mtu mzima, nina bwana na watoto, lakini mbele ya mamake miaka yake thelathini na tisa haikuwa kitu.

"Kuna gauni langu nyuma ya mlango," mamake akaongeza, akainuka na kuingia jikoni.

Chelangat akaingia ndani, akavua kimoja kimoja, machozi yakimdondoka, na hata hapo akichunga yasiangukie shati. Amekataa, akajiambia. Amenikatalia mara ya pili.

Alipotoka, amevaa lile gauni pana, alimkuta mamake amesimama mlangoni na kikombe mkono mmoja, na mkono wa pili kibuyu kirefu kilichofungwa shanga. Ilikuwa mursik, maziwa yaliyolala kibuyuni siku nyingi pamoja na unga wa mkaa, yale wanayonyweshwa wakimbiaji wakirudi nyumbani na medali.

"Sasa unalia nini?" Tapsubei akafoka. "Ulitaka nikunyweshe ukiwa na shati nyeupe? Huu mkaa hautoki hata ukisugua na jiwe! Jumatatu ungeenda shule na madoa, waseme mamako hakukufunza usafi?"

Chelangat akakitazama kile kibuyu. "Lakini mama, hii ni ya watu wameshinda. Mimi hata sijaanza."

Mamake hakumtazama. Alikuwa anamimina.

"Ni mimi nilikurudisha kwa ng'ombe," akasema. "Nikingoja mpaka umalize, labda nitakuwa nimeenda. Kunywa sasa, nikuone."

Chelangat akanywa, yakamtiririka kidevuni hadi kifuani pa lile gauni, akacheka huku analia. Akamaliza kikombe, akaomba kingine.