Kona ya Duka Langu la Tofu

Kinue, jirani yangu mwenye nyumba ya wageni, miaka ishirini sasa anawapa watalii onyo lile lile wakivua viatu mlangoni: "Siku ya sikukuu tazameni kutoka kwenye ngazi za hekalu. Kwenye kona ya duka la tofu msisimame, hata mkiitwa." Duka ni langu, nauza tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya, na hasemi uongo. Mitaa miwili hubeba kila mmoja mungu wake ndani ya kijumba cha mbao, wanaume hamsini mabegani, na pale konani vijumba hugonganishwa mpaka kimoja kivunjike. Mbebaji hasimami. Ukianguka, utakanyagwa. Mume wa Kinue alibanwa kwenye ukuta wangu, na damu niliiosha mimi.

Mwaka huu mwanawe, Shunpei, akapewa mti wa mbele wa kubebea kijumba, pale pale alipofia baba yake. Kinue alilia, akamfichia kanzu ya sikukuu, mwishowe akanituma mimi.

"Mama yako atakufa kwa presha, wewe!" nilimwambia.

"Mzee Yasuhei, uza tofu yako."

Mshenzi! Kidogo nimzabe kofi.

Siku yenyewe, saa sita mchana, ngoma zikapamba moto. Vijumba vikagongana mara ya kwanza, vipande vya mbao vikaruka, jamaa mmoja akatema meno mawili na kuendelea kubeba. Mara ya pili mtu akavunjika mguu. Niliusikia ulivyolia, ko! Mtaa wetu ukarudi nyuma, ukajipanga, ukaja mbio, Shunpei mbele, macho mekundu, anapiga kelele.

Kinue akatoka dukani kwangu. Hata sikujua alikuwa ndani. Akaenda konani, akaegemea ukuta, mikono kifuani.

"We mama, toka hapo! Una wazimu?" nilimpigia kelele.

"Mwache aje," akasema.

Shunpei akamwona. Akakita visigino chini, akausukuma mti kando kwa nguvu zake zote, nikasikia bega lake likiteguka. Kijumba kikayumba, kikaanguka ubavu, mungu wetu chini mavumbini, na wale wa mtaa wa pili wakashangilia. Wenzake hawakumuuliza kitu. Walimshukia kwa ngumi na mateke, pua ikapasuka, na kiongozi wao akamvua kanzu akaichana mbele ya watu wote. "Mti huu hutaugusa tena mpaka unaingia kaburini!"

Alasiri niliwapelekea mama na mwana tofu ya moto. Bega la Shunpei lilikuwa limefungwa kwa kitambaa. Kinue alikuwa akimkanda uso mwanawe, na anatabasamu, hana hata haya. Nami, kusema kweli, nilifurahi.

"Umeniua, mama," Shunpei alilia, midomo imevimba. "Mtaa mzima! Umeniua!"

"Maiti haipigi kelele hivyo," Kinue akamwambia, akachota tofu kwa kijiko. "Fungua mdomo."