Nilimwona Baba Mkwe Mtoni, Sasa Rafiki Yangu Anaangamia

(Jina na kijiji cha msomaji huyu tumevificha kwa ombi lake. – Mhariri)

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nina mke na watoto wawili, naishi kijiji kimoja upande wa Misungwi, kwenye mto unaoingia ziwani. Wanaonifahamu watacheka wakisikia nimenyamaza, maana kijijini mimi ndiye mropokaji. Hakuna mkutano ambao sijanyoosha mkono. Leo nina neno kooni na halitoki.

Mto wetu ulikuwa umekufa. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe Mwanza, kila mtu alitaka samaki wa kuuza haraka, wengine wakamwaga hadi sumu. Magugu maji yakaja kumalizia. Tukakaa, tukakubaliana: hakuna nyavu, hakuna mitego, ni ndoana tu. Ningu wakarudi jamani! Samaki ambao wanangu walikuwa hawajawahi kuwaona. Kwa furaha tukaanzisha mashindano ya kuvua kwa ndoana, kila mtu na kigingi chake ukingoni, mwenye samaki wazito kuliko wote anachukua baiskeli. Kuingia majini ni marufuku. Mwenyekiti wa kamati ya mto ni baba mkwe wangu.

Safari hii kura ilinipanga katikati: mkwe upande wa juu, na upande wa chini rafiki yangu, nimwite Masanja, tuliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni. Kwetu mtu hakai karibu na mkwe, hivyo nilishukuru kwamba kati yangu na mzee kulikuwa na matete marefu. Asubuhi, kabla ya filimbi, nikapenya kwenye matete hayo kutafuta minyoo ya chambo, nikatokeza upande wa pili. Yesu wangu! Mzee amesimama majini, uchi kama alivyozaliwa, ameshika mgono, ule mtego wa kusuka, anawamimina ningu kwenye ndoo yake. Tukatazamana. Niligeuka nikakimbia kama niliyeona chatu.

Baiskeli akachukua yeye. Mgono bila shaka aliusukuma nilipokimbia, maji yakausomba hadi ukanasa mbele ya kigingi cha Masanja. Kina mama waliokuja kuchota maji wakauona, wakapiga kelele. Masanja aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake. Nani amsikilize? Amezuiwa kugusa mto, na kuvua ndiyo kazi yake pekee. Mkewe siku hizi anaomba unga kwetu. Tukimaliza kuvuna pamba kuna mkutano wa mwisho. Akishindwa, anafukuzwa kijijini.

Mtasema, "Si useme tu?" Niseme nimeona nini? Wataniuliza mzee alikuwa wapi, amevaa nini. Nikidanganya, wataniapisha. Kwetu kumwona mkwe uchi ni mkosi, na kulitamka mbele za watu ni kumvua nguo mara ya pili. Ukoo wao utamchukua mke wangu siku hiyohiyo, pamoja na watoto. Mzee analijua hilo vizuri sana! Sisi wawili hatuongei ana kwa ana, kwa hiyo alimtuma binti yake. Mke wangu akaja anatabasamu: "Baba anasema hana mkwe mwenye heshima kama wewe. Umemfanyia nini?"

Nikasema sijui.

Juzi Masanja kaja, hata kigoda alikikataa. "Kaka, wewe ndiye uliyekuwa jirani yangu siku ile. Na wewe humwogopi mtu. Njoo useme tu kwamba hukuniona na mgono."

Najua nikisema hivyo swali la pili litakuwa, "Basi ulimwona nani?" Lakini mdomo wangu huu ukamjibu, "Nitakuja." Akanishika mikono yote miwili, akalia, mwanaume mzima. Mke wangu akatoka jikoni mbio, akamwambia, "Shemeji, nyamaza. Mwenyekiti ni baba yangu, namjua. Yule hawezi kumwonea mtu."

Pamba imebaki shamba moja tu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, wenye wakwe na wenye marafiki, niambieni: nikisimama mbele ya watu wale, nimtupe nani?