Chai Iliyotafuta Uso

Kanyange alikuwa mutu wa kuota akiwa macho wazi. Ukimuita mara ya kwanza hasikii. Mara ya pili anageuka polepole, kama mutu anayetoka ndani ya maji. Mara ya tatu anakuambia, "Yaya," yaani mukubwa wangu, "nilikuwa mbali." Alikuwa mbali kweli. Alikuwa Itombwe, kwenye milima yetu ya Kongo, ukungu umelala juu ya majani, ng'ombe wanasikika bila kuonekana. Tulitoka kule juu ya vita, tukafika Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwaka wa 2002, wakatupatia fasi, mahali pa kujenga, katika kijiji cha Misiera, ukuta wake umegusana na ukuta wangu. Kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe. Atakayesema vingine aje aniulize mbele ya watu.

Huku vumbi ni jekundu na jua ni kali, lakini Kanyange alipata kipande cha shamba karibu na ziwa, akapanda muchaichai na tangauzi. Majani aliyaanika kivulini, juu ya mukeka. Nilimuambia jua linakausha haraka, akanijibu kwamba jua linakula harufu. Kisha alinunua majani ya chai sokoni Mbarara, yale ya kupimwa kwa kikombe, akachanganya vyote katika beseni huku macho yake yanatazama ng'ambo ya ziwa. Vidole vilijua kipimo kuliko kichwa. Ukiipika chai ile na maziwa, nyumba nzima inanyamaza. Mimi sisifu watu ovyo. Ile chai naisifu.

Misiera aliiuza katika sashe ndogo za nailoni zilizofungwa fundo, na kila mutu alijua ni ya nani. Taabu ilianza mwaka wa 2011 alipoipeleka Ruti, kule Mbarara kwenye barabara ya Kabale, katika duka la Bangirana, mwenyeji wa pale. Bangirana akaonja, akaomba kikombe cha pili. Kisha akashika sashe, akaigeuza huku na huku.

"Mama, chai yako mzuri," akasema. "Lakini iko haina uso. Mtu nakunywa leo, kesho najua yako namna gani?"

Akampa mpaka Noeli. Kama hataleta chai yenye uso, basi ailete ndani ya gunia, yeye mwenyewe ataitia katika pakiti zenye jina la duka lake. Wengine wangeshukuru, maana gunia halina kazi nyingi. Kanyange alirudi nyumbani, akakaa mulangoni mpaka majivu yakapoa, wala hakupika.

"Yaya," akaniambia, "shamba ni la kupewa, turubai ni ya kupewa, hata mahindi ni ya kupewa. Chai njo kitu moja nilitengeneza miye mwenyewe. Siwezi kuitia mu gunia ya mutu."

Hapo ndipo nilipomusaidia. Nilimuambia sisi ni watu wa ng'ombe, na watu wa Mbarara nao ni watu wa ng'ombe, basi aweke ng'ombe. Tukamuita Kalume, yule anayechora mabango ya maduka. Kalume akakata ndala ya zamani, akachonga muhuri: ng'ombe mwenye pembe ndefu, kichwa juu, anatazama mbali kama Kanyange mwenyewe. Tukapiga muhuri kwenye karatasi za kaki, wino wa buluu. Mpaka leo nasema ilikuwa ng'ombe muzuri.

Baada ya wiki mbili Bangirana akamurudishia pakiti karibu zote. Akamueleza, huku anajikaza asicheke, kwamba watu wa Ruti waliona ng'ombe wakadhani ni dawa ya mifugo. Mwanamuke mumoja alikuja kuuliza ng'ombe mwenye mimba anapewa vijiko vingapi. Mwingine hakuuliza, alimupa ndama wake, na ndama hakulala siku mbili.

Kalume akasema kosa ni kukosa maandishi. Akaandika karatasi moja ya kuonyesha: jina, sifa, mustari wa Zaburi, namna ya kupika, maua pembeni. Kanyange akaishika, akaitazama sana, akasema ni nzuri. Kalume akaigeuza mikononi mwa Kanyange, maana herufi zilikuwa kichwa chini. Hakuna aliyecheka. Kanyange akamurudishia tu, akaenda zake ziwani, akakaa karibu na mafunjo mpaka jua likageuka rangi ya tangauzi. Zilibaki wiki tatu Noeli ifike.

Katikati ya wiki hizo ikafika siku ya shukrani kanisani. Siku ile kila mama analeta termosi ya chai. Sasa, Misiera termosi zinauzwa na mutu mumoja, zote nyekundu, zote na ua lile lile. Ili mutu asibebe ya mwenziwe, kila mama anafunga kipande cha kikwembe chake, kitenge anachovaa, kwenye mukono wa termosi. Tunafanya hivyo siku zote, hata hatufikirii.

Viviane, bibi ya pasteri, alikuwa anagawa chai. Akafika kwa Constantin, fundi wa kushona, mutu wa mudomo. Constantin akafunika kikombe kwa mukono.

"Mama pasteri, hayo maji uliosha nayo masahani unywe mwenyewe," akasema. "Miye unipe ile ya kitambaa ya manjano."

Watu wakacheka, Viviane naye, akaenda kuichukua. Constantin hakujua termosi ile ni ya nani. Alijua kitambaa tu. Nikamutazama Kanyange, mwenye kitambaa kile. Kikombe kilikuwa kimesimama karibu na mudomo wake, mvuke unampita usoni, na yeye hayupo. Kwaya iliimba nyimbo tatu, hakuimba hata moja.

Kesho yake alikunja karatasi za kaki tupu, bila ng'ombe, bila herufi, akajaza chai, akafunga kila moja kwa utepe wa kikwembe cha manjano, fundo moja, ncha mbili zimesimama juu. Nilimuambia zinafanana na masikio ya mbuzi. Akasema ni sawa, zisikie.

Tulizipeleka Ruti pamoja. Bangirana akauliza maandishi iko wapi. Kanyange akazipanga katikati ya pakiti nyingine zilizojaa herufi na rangi kama soko siku ya Jumamosi, na zile zetu zikanyamaza pale katikati, na kunyamaza kwao ndiko kulikovuta jicho.

Siku mbili kabla ya Noeli tukarudi. Zilibaki mbili. Tukiwa tumesimama pale, mwanaume mumoja akafika mulangoni, matope miguuni, hakutaka kuingia kuchafua. Akanyosha kidole kutoka nje.

"Nipe ile ya kitambaa. Bibi yangu nasema nisirudi na ingine."

Bangirana hakuuliza ipi. Alimupa, kisha akamuambia Kanyange alete zingine hamsini. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba jina la duka lake lingeweza kuwekwa kidogo tu, nyuma ya pakiti, fasi isiyoonekana.

Kanyange akamutazama kwa upole kabisa.

"Baba," akasema, "nyuma nako ni kwangu."

Tukatoka. Mvua ilikuwa imepita, barabara ya Kabale inatoa mvuke, na yeye alitembea polepole akinusa viganja vyake.