Diski ya Mzee Gurcharan

Kanyiva Makau alikuwa ametengeneza taipureta mjini miaka kumi, na kompyuta zilipoingia hakubabaika. Alijifunza kuzitengeneza vivyo hivyo, kwa bisibisi na masikio. Ndiyo maana Mzee Gurcharan, mwalimu mstaafu wa Kileleshwa, alimwita Jumatatu moja mwaka wa 1992. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa miezi mitatu wakati yeye na mkewe, Jaswant, wako Kisumu, na sasa ilikataa kuamka. Ndani yake mlikuwa na nyimbo arobaini za harusi ambazo Jaswant alimwimbia naye akaziandika. Mjukuu wao alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Mafundi wawili wamesema diski imekufa," mzee alilalamika.

"Waliisikiliza?" Kanyiva aliuliza.

Aliwasha mashine, akatega sikio. Feni ilivuma, lakini diski haikuzunguka. Kanyiva akajua: kwa kukaa bure, kichwa cha kusomea kilikuwa kimenata kwenye sahani inayozunguka ndani ya diski. Akazima, akaichomoa diski, akaizungusha ghafla mkononi ili kichwa kibanduke, kama mtu anayefungua chupa ya achari iliyokaza.

"Wewe, unaiua mara ya pili!" mzee alipiga kelele.

Alipoirudisha na kuwasha, diski iliunguruma, na wimbo wa kwanza ukatokea kwenye skrini. Jaswant alichungulia, akacheka hadi akakaa chini.

"Wiki nzima halali, na nyimbo zote ninazo kichwani! Hata hakuniuliza."

Kanyiva alicheka pia, ila alikuwa tayari ananakili nyimbo kwenye disketi. Diski iliyonata mara moja hunata tena.