Neno Lililosukuma Tramu

Sikwenda Qatar kupiga msasa. Nilikwenda kuuguza watu. Cheti changu kilisema hivyo, mkataba ulisema hivyo, na mama yangu alikuwa ameshatangaza hivyo kanisani. Lakini Ijumaa yoyote saa tisa alasiri ungenikuta ndani ya banda la mabati nje kidogo ya Al Wakrah, vumbi la mbao kwenye nyusi, bomba la sindano mkononi, nikiudunga gundi ukuta wa tramu. Ndiyo, kuudunga! Mbao nyembamba za ndani zilikuwa zimebanduka, na gundi ya brashi haikufika kwenye nyufa. Watu wakasimama wanakuna vichwa. Nikawaambia, ondokeni hapo, leteni sindano. Nikadunga, nikabana na kitambaa, na Ijumaa iliyofuata ubao ulikuwa umeshika usibanduke tena. Tangu siku hiyo nikaitwa daktari wa mbao, na mimi, mtu wa kununa nikipewa jina nisilolitaka, nikafurahi mpaka nikaona haya.

Aliyenipeleka huko alikuwa mgonjwa. Dereva Mganda, mzee wa miaka kama sitini, alikuja kliniki yetu na kidole gumba kimevimba. Nikamuuliza kimefanyaje. Akasema, "Nimejigonga na nyundo, Sista, nikitengeneza behewa."

Behewa? Doha? Wakati huo mji mzima ulikuwa unachimbwa kwa ajili ya metro, lakini treni yenyewe ilikuwa bado ni mabango tu. Nikasema moyoni, maskini, jua limempiga. Nikaanza yale maswali tunayomuuliza mtu aliyechanganyikiwa: leo siku gani? Uko nchi gani? Unaitwa nani? Akanijibu yote kwa adabu, kisha akaniangalia. "Na wewe, Sista, reli unaijua?"

Ala! Kuniuliza mimi! Mimi niliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yangu fundi wa mabehewa mpaka alipostaafu, mimi niliyejifunza kusoma kwa kusoma namba ubavuni mwa mabehewa ya mizigo! Nikamwambia naijua kukushinda. Akacheka, kidole chake kikiwa bado mkononi mwangu. "Basi Ijumaa njoo tuone."

Ijumaa ikafika. Kwetu Wakristo wa Doha Ijumaa ndiyo Jumapili, kwa hiyo nilitoka kanisani na gauni langu la maua, nikamngoja chini ya ghorofa yetu pale Fereej Bin Mahmoud, akanichukua. Nilipoingia bandani nikasahau hata kusalimia. Tramu nzima! Yale magari ya abiria ya zamani yaliyopita kwenye reli katikati ya barabara za mji, yenye jukwaa la dereva mbele na nyuma, madirisha ya kushushwa kwa mkanda wa ngozi, na viti ambavyo ukifika mwisho wa safari unageuza tu mgongo wa kiti, ukaangalia ulikotoka. Ilikuwa mbovu kupindukia. Huko ng'ambo iliponunuliwa walikuwa wameigeuza banda la kuku, na mpaka mwaka wa pili tulikuwa bado tunatoa manyoya.

Mwenye tramu alikuwa tajiri wa dereva, baba wa nyumba moja kubwa Muaither, Mqatari mpole asiyeweza kukiona kitu kikuukuu akakiacha. Alikuwa ametandika reli fupi, hatua hamsini hivi, kutoka bandani mpaka karibu na geti, na mwisho wake akaweka magunia ya mchanga. Sisi tulikwenda kwa hiari. Hakuna aliyetulazimisha, isipokuwa labda biriani ya tajiri. Msimamizi alikuwa Mhindi aliyefanya kazi ya reli kwao ujana wake wote. Walikuwepo walinzi wawili wa kwetu Kenya, na Wanepali na Wafilipino waliokuja na kupotea kadiri ya zamu zao.

Na alikuwepo Mzee, ndivyo nilivyomwita yule dereva. Ujana wake alikuwa seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli Kampala, mpaka wakapunguzwa kazi, yeye na wenzake wote, siku moja, kabla ya chakula cha mchana. Akaacha behewa moja nusu, randa ikiwa juu ya ubao. Akaja Ghuba kuendesha watoto wa watu shuleni. "Sista," aliniambia mara moja tukipaka vanishi, "lile behewa sijui nani alilimaliza." Akaendelea kupaka. Mimi nikajifanya vanishi imeniingia machoni.

Sasa nieleze lile neno, maana bila hilo neno hadithi hii haipo.

Msimamizi alikuwa ameishi Ghuba miaka mingi, na Kiarabu chake kilikuwa kile cha mitaani. Kwa Kiarabu hicho, "sawa sawa" maana yake ni pamoja, kwa umoja. Akitaka tuinue kitu alipiga kelele "Sawa sawa!" yaani, haya, wote kwa pamoja. Sisi tulifikiri anauliza kama mambo ni mazuri. Siku ya kwanza tumeshika mlango, watu wanne, mlango wa mti mzito kama dhambi. Msimamizi akasema, "Sawa sawa!" Wanepali wakainua. Sisi Waswahili tukajibu kwa heshima zote, "Sawa sawa!" tukasimama kama nguzo. Mlango ukaegemea upande wetu, ukamwangukia mlinzi mmoja kwenye kidole cha mguu. "Woi! Nimekufa, msee!" Akarukaruka na mguu mmoja banda zima. Nikamfunga kidole huku nacheka mpaka bendeji ikanitoka mkononi.

Ndipo ikapitishwa sheria. Ndani ya banda, "sawa sawa" ni neno la kusukuma na kuinua, basi. Likitamkwa, mikono yote inafanya kazi, hakuna kuuliza. Mswahili akilitumia kujibu, anafua matambara ya mafuta ya wiki nzima, ndoo mbili, kwa mikono. Nyinyi mnaosema Kiswahili jaribuni kukaa mchana mmoja bila kusema sawa sawa! Walinzi walifua mpaka kucha zikabadilika rangi. Mimi nilifua mara nne, na kila mara nilinuna kwanza. Mzee peke yake hakuwahi kuteleza. Alijibu "kale", ndiyo ya kwao Uganda, akatabasamu, akatuangalia tukisugua.

Mwaka wa tatu tramu ikawa bibi harusi. Kijani na krimu, shaba inang'aa, kengele ya kukanyaga kwa mguu imerudishwa sakafuni. Ikabaki mito ya viti tu. Hapo ndipo Mzee aliponiambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mkataba wake unaisha. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamekua, wanajiendesha wenyewe. Tiketi yake ilikuwa ya Jumamosi ya wiki iliyofuata. Na tajiri alikuwa amekwisha kupanga kwamba tramu haitasogea hata kidogo mpaka mwezi ujao, siku ya wageni, mito ikiwa tayari.

"Kwa hiyo hutaiona ikitembea?" nikamuuliza.

"Nitaletewa picha."

Picha! Nilitupa msasa chini. Mtu ameacha behewa moja nusu maishani mwake, na sasa aache la pili? "Mwombe," nikamwambia. "Mwambie akuruhusu hatua kumi tu." Akakataa katakata. Alisema amekula chumvi ya mtu yule miaka mingi, hajawahi kumwomba kitu cha kujifurahisha, na hataanza na wiki ya mwisho.

Basi nikaamua kumwombea mimi. Shida ni kwamba Kiarabu changu chote kilikuwa cha kliniki: fungua mdomo, vuta pumzi, maumivu wapi, mara ngapi kwa siku. Nikamwendea tajiri, nikamwambia kwa Kiarabu hicho, "Dereva. Maumivu. Hapa." Nikajigusa kifuani. Yule bwana akaruka, akatoa simu aite gari la wagonjwa! Nikapiga kelele laa, laa, nikamwita Mzee aje atafsiri. Nikaeleza kila kitu kwa Kiswahili, kwa moyo wangu wote, karakana, randa, Jumamosi, yote. Mzee akasikiliza, akamgeukia tajiri, akasema maneno machache. Tajiri akatabasamu na kunimiminia chai.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unasifu chai."

Nilimnunia siku sita. Wallahi, siku sita kamili, na mimi si mtu wa kuapa.

Ijumaa ya mwisho ikafika. Kazi ilikuwa ndogo: kupaka rangi magurudumu. Lakini gurudumu likikaa juu ya reli, pale linapogusa hapapakiki, kwa hiyo msimamizi akasema tutaisogeza shubiri moja. Shubiri, akaonyesha na vidole vyake. Tukatoa vigingi. Mzee akapanda kwenye jukwaa la mbele kushika usukani wa breki, ule wa shaba alioung'arisha mwenyewe wiki tatu. Watu wanane wakajipanga nyuma, mikono mgongoni mwa tramu, wakingoja neno. Msimamizi alikuwa amechutama anatazama gurudumu.

Tajiri alikuwa amekuja kumuaga Mzee. Meza yake ndogo ya plastiki, yenye birika na sahani ya tende, ilikuwa imewekwa katikati ya reli, maana pale palikuwa na kivuli. Alinyanyuka akanijia pale mlangoni. Feni kubwa ilikuwa inanguruma. Akaniuliza, kwa Kiarabu na kidole gumba kilichoinuliwa, kama kila kitu kiko vizuri.

Nikamjibu kwa sauti ya kuishinda feni, "SAWA SAWA!"

Watu wanane wakasukuma.

Loo! Ile shubiri ilipita mtu hajafumba jicho. Tulikuwa tumepaka grisi miezi mitatu, wanawane, na reli zilikuwa zimeinama kidogo kuelekea getini. Tramu ikatoka bandani kama iliyosikia ada imelipwa na shule zimefungwa. Msimamizi akakaa kitako. "Bas! Bas!" anapiga kelele, nasi tunapiga "Basi! Basi!" na kwa mara ya kwanza lugha zote mbili zilikubaliana, lakini nani wa kusikia? Meza ikaenda. Birika likaenda. Tende zikaruka juu kama mchele wa arusi. Tajiri akakunja kanzu yake mpaka magotini, akakimbia, akadaka mhimili wa shaba na kupanda juu ya kidato kama kondakta.

Na Mzee? Breki ilikuwa mikononi mwake. Ninawaambia, mikono yote miwili ilikuwa juu ya ile breki. Hakuizungusha. Aliinua mguu wake wa kulia akakanyaga kengele. Ngele! Ngele! Ngele! Kichwa ameinua, kofia imeanguka, midomo wazi. Nilikuwa nakimbia kando yake na gauni langu la kanisani, nacheka, nalia, sijui nini kinatoka wapi. Sijawahi kumwona mtu mzima na uso ule. Zilipobaki hatua tano kufika kwenye magunia akazungusha usukani, taratibu, mara tatu, na tramu ikasimama bila hata kutikisa. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya sakafu. Kama kingekuwepo kikombe kizima.

Tajiri akashuka, kanzu ina tende. Akamtazama dereva wake. Akamuuliza kwa nini hakufunga breki mapema.

Mzee akamjibu polepole, na safari hii alinitafsiria mwenyewe, neno kwa neno: "Nimemwambia, Baba, nililiacha moja katikati nikiwa kijana. Hili nilitaka nilifikishe."

Tajiri akarudi kwenye tramu, akaingia ndani, akashika mgongo wa kiti cha kwanza akaugeuza uangalie bandani. Akageuza cha pili. Akageuza vyote, kimoja kimoja, vile vya mbao tupu visivyo na mito, akaketi kwenye kile cha mbele kabisa. Kisha akamwonyesha Mzee jukwaa la upande wa pili, akatuita sote tusukume. Tukasukuma mlima ule mdogo huku tunahema, na kengele ikalia njia nzima ya kurudi.

Jua lilipoanza kupoa msimamizi akaniletea ndoo. Mbili. Sheria ni sheria, akasema, na tena kwa uso mkavu kabisa. Walinzi wakapiga makofi. Nimeulizwa tangu siku ile kama ulimi uliteleza kweli. Uliteleza. Lakini sikuusikitikia hata kidogo, na matambara yale ndiyo pekee niliyowahi kuyafua bila kununa.

Nikachutama nje karibu na bomba, mikono ndani ya sabuni mpaka viwiko. Mzee akaja. Alikuwa ameshavaa shati jipya alilopewa la safari. Akakunja mikono yake, akachutama upande wa pili wa ndoo, akachukua tambara. Nikamwambia, "Acha, Mzee, utachafuka. Adhabu ni yangu, wewe hujawahi kulisema."

Akanitazama. Akacheka.

"Sawa sawa, Sista," akasema, kwa maana ya msimamizi, si yetu.

Na kwa kuwa sasa alikuwa amelisema, tukayafua wote wawili mpaka yakaisha.