Kumpeleka Kaniki Geita kwa Barabara ya Malori

Niliondoka Shinyanga nikiwa juu ya farasi kwa sababu nilikuwa nimemvunja mtu mguu. Naanza na hilo, maana wengi nyumbani walidhani nilitumwa kwa kuwa najua wanyama. Sikujua kitu. Nilikuwa dereva wa lori la pamba, na mwaka ule, katika miaka ile ya hamsini, pamba ilikuwa nyingi hata miiba ya kando ya barabara ilivaa nyuzi nyeupe kama imeota mvi.

Asubuhi moja, karibu na Ibadakuli, nilimkuta mbele yangu Athumani, mtu wa Tabora, ambaye kazi yake ilikuwa usaisi, yaani kutunza farasi. Alikuwa amempanda farasi jike mweusi aitwaye Kaniki, wakienda polepole. Utingo wangu alikuwa anacheka jambo fulani, nami nikataka acheke zaidi. Nikawakaribia kwa nyuma, nikapiga honi ndefu, nikawapita. Katika kioo nikamwona farasi akisimama kwa miguu miwili na mtu akianguka mtaroni. Sikusimama. Nilikwenda nikashusha pamba, nikala, nikalala. Siku ya tatu ndipo nilipoingia hospitali, kofia mkononi.

"Ni mimi," nikamwambia.

Athumani alikuwa amelala chali, paja limefungwa kwa mbao. Mkewe, Mama Zuhura, aliyekuwa ameketi sakafuni akimenya chungwa, aliacha kumenya. Nje watu walikuwa wakifagia uani.

"Jina lako nani?" Athumani aliuliza.

"Masanja."

"Masanja, mwenye farasi huyu amehamia Geita, kwenye mgodi wa dhahabu. Kabla mwezi haujaisha nilitakiwa nimfikishe huko akiwa mzima, ndipo niendelee na kazi yangu. Asipofika, sina kazi. Kwenye lori hapandi tena. Tangu siku ile akinusa mafuta tu anatetemeka. Atakwenda kwa miguu yake. Na mguu wangu umeuvunja wewe, basi niazime wa kwako."

Kwa siku tano nilijifunza. Asubuhi Mama Zuhura alishika kamba uani kwao huku mimi nikizunguka juu ya Kaniki kama gunia lililofungwa vibaya. Hakunicheka hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kuchekwa. Jioni nilikwenda hospitali, Athumani akanifundisha akiwa kitandani.

"Farasi haogopi kitu kwa kuwa ni kikubwa," alisema. "Anaogopa asichokiona. Lori likija, mgeuze alitazame. Shika kushoto, lakini usimbane ukingoni, kuna mitaro. Inua mkono mapema, umwombe dereva apunguze mwendo. Akipunguza, mshukuru, maana kesho atapita tena. Kwenye daraja shuka, umwongoze kwa mkono, wewe ukae upande wa magari. Na ukiogopa, usijifanye unaimba. Nyamaza."

Mama Zuhura alishona kitambaa cheupe mgongoni mwa koti langu, na kingine akakifunga mkiani kwa Kaniki. "Yeye mweusi na wewe mweusi," alisema. "Na vumbi halina macho."

Tajiri wangu aliniruhusu bila ubishi. Lori langu akampa Kulwa, dereva mwenzangu, aendelee na pamba.

Alfajiri ya siku ya kwanza tulitoka mjini kabla jua halijachomoza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha vunwa, na kwato za Kaniki zilitoa sauti ya mtu anayebisha hodi kwa upole kwenye nyumba isiyo na watu. Nilikuwa nimeipita barabara ile mara mia. Sikuwahi kujua kwamba ina harufu. Ilinukia jivu, majani makavu, kisha maziwa, kabla hata sijaona ng'ombe.

Ibadakuli, pale pale, Kaniki alisimama. Masikio yalielekea nyuma, ngozi yake ikawa inachezacheza kama maji. Nilimpiga visigino, hakwenda. Nikashuka. Mtaroni majani yalikuwa bado yamelala pale mtu alipoangukia. Nikakaa chini, kamba mkononi. Malori mawili yakapita. Kila mara nilisimama, nikamgeuza ayatazame, nikainua mkono. La kwanza halikupunguza mwendo. La pili lilipunguza. Jua lilikuwa limepanda sana wakati Kaniki aliposhusha kichwa, akanusa mahali pale, akavuka mwenyewe. Mimi nilimfuata.

Jioni tulifika Maganzo, jirani na Mwadui. Kule upande wa mgodi wa almasi taa zilikuwa zinawashwa moja baada ya nyingine, ilhali huku kwetu giza lilikuwa halijaingia, ikawa kana kwamba nyota zimeshuka mapema kwa kazi. Mama mmoja muuza uji, Mama Limi, alinikaribisha uani kwake. Alimpa Kaniki maji kwenye beseni lake la kufulia.

"Mwadila," alinisalimu kwa Kisukuma, kisha akageukia Kiswahili. "Huyu falasi anakula nini?"

"Nyasi, mama. Na mtama kidogo."

Alimtazama Kaniki aliyekuwa amesinzia akiwa wima, mdomo wa chini umelegea. Mguu mmoja ulikuwa unarukaruka.

"Anaota," alisema Mama Limi. "Anaota anakimbia nini?"

Niliinamia bakuli langu. Aliniongezea uji, akadhani nimechoka.

Siku ya pili na ya tatu zimechanganyika kichwani mwangu. Nchi ile ni tambarare, na mchana joto hufanya mbele ya macho pawe na ziwa lisilofikika. Malori yaliyotoka Mwanza yalionekana kwanza yakielea juu ya maji hayo, bila magurudumu, bila sauti. Yaliweza kuelea hivyo kwa muda mrefu, mpaka nikadhani ni mawazo tu. Kisha maji yakakauka, malori yakapata magurudumu, ndipo ngurumo ikafika. Nilijifunza kuiangalia shingo ya Kaniki kuliko kuangalia mbele. Yeye alisikia injini kabla yangu. Sikio moja likigeuka, nami nilitafuta mahali pa kusimama: penye kivuli, pasipo mtaro, pasipo mwiba. Tukalitazama lori pamoja. Likapita. Tukabaki ndani ya vumbi, tumefumba macho sote wawili, tukingoja dunia irudi.

Na ilirudi polepole. Nilipokuwa dereva, vumbi lilikuwa kitu kilichobaki nyuma yangu. Sasa nilikuwa naishi humo. Nilikutana na watu wengine wanaoishi humo: mwanamke mwenye mtungi akiufunika kwa kiganja, mzee wa baiskeli aliyeshuka kila gari lilipokuja, wachungaji waliovuta puani nguo zao nyeusi za kaniki, zenye jina la farasi wangu. Tulisalimiana kama watu wa kijiji kimoja.

Siku ya nne, tulipokwisha ipita Mabuki, tulifika kwenye daraja jembamba la mbao juu ya mto mkavu. Halikuwa na ukingo wa kutosha hata kwa mbuzi. Nilisikiliza, kimya. Nikashuka, nikaanza kumwongoza Kaniki. Tulikuwa katikati sikio lake lilipogeuka nyuma.

Injini niliijua kabla ya kuiona. Ilikuwa na mluzi mwembamba kwenye gia ya tatu, mluzi niliokuwa nikiusikia hata ndotoni. Lilikuwa lori langu. Na kwa sababu lilikuwa langu, nilijua breki zake: likiwa na mzigo, ukizikanyaga linakwenda tena urefu wa nyumba mbili kabla ya kukubali. Kulwa asiponiona mapema, hangeweza kusimama hata akitaka.

Mbele palikuwa mbali kufika. Kukimbia na farasi kwenye mbao zile ni kumvunja miguu. Nikamgeuza. Ilibidi kwato zake zijipange moja moja, naye alijipanga, huku mimi nikitoka jasho. Alipoielekea njia tuliyotoka, nikampita mbele, nikasimama kati yake na lori lililokuwa likishuka mteremko. Nikainua mkono wangu juu kabisa, kiganja wazi. Sikuimba. Nilinyamaza.

Lori lilipunguza mwendo, likalia, likateleza kidogo kwenye changarawe, likaingia darajani. Nilisikia mbao zikitikisika chini ya miguu yangu. Nyuma yangu pumzi ya Kaniki ilikuwa inanipiga shingoni, fupi fupi, moto. Likasimama. Ningeweza kuligusa. Joto la injini lilinifika usoni kama mlango wa tanuri umefunguliwa.

Kulwa alitoa kichwa. "Masanja! Una wazimu? Nusura nikuue!"

"Zima injini."

"Nini?"

"Zima injini, Kulwa. Tafadhali."

Akazima. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Ndege mmoja alikuwa analia chini mtoni, na bila shaka alikuwa analia tangu mwanzo. Kaniki alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini macho yake yalikuwa juu ya lori, naye hakurudi nyuma hata hatua moja. Tulisimama hivyo. Kisha akanyoosha shingo juu ya bega langu, akaunusa ule mdomo wa chuma kwa muda mrefu, akapiga chafya.

Nikamgeuza tena, tukavuka. Ng'ambo nilimpeleka mbali na njia, nikampungia Kulwa mkono kumwita apite. Alipita kwa gia ya kwanza, akasimama mbele, akaja kwa miguu.

"Nilipokuona, nikiwa juu ya mteremko, mkono ulikwenda kwenye honi," alisema. "Nilitaka kukutania. Kisha nikaona hicho kitambaa cheupe mgongoni kabla hujageuka, nikakumbuka yule wa Ibadakuli. Nikakanyaga breki badala yake." Akatazama chini. "Ningepiga, ingekuwaje?"

"Unajua ingekuwaje."

"Na zile breki, kwa nini hukuniambia?"

Nalo hilo lilikuwa kosa langu. Nilimwambia ukweli, kwamba nilizizoea hata nikasahau kuwa ni ugonjwa. Akaondoka polepole sana. Nilitazama vumbi lake likiwa dogo, la chini, kama la mtu anayefagia.

Siku ya tano tulivuka ghuba ya ziwa kwa pantoni kuelekea Busisi. Nilikuwa na hofu ya maji, lakini Kaniki alipanda akasimama kati ya malori mawili yaliyozimwa, kichwa juu, akitazama mbele. Ziwa lilikuwa na rangi ya maziwa. Miamba ilikuwa imekaa majini kama ng'ombe walioingia kuoga. Kijana mmoja kutoka Singida, anayekwenda kutafuta kazi ya kuchimba, aliuliza kama anaweza kumgusa. Akaweka kiganja shavuni mwa farasi, akakiacha hapo mpaka tukafika.

Ng'ambo, kwenye kizuizi cha mbung'o, mlinzi mwenye wavu aliyakagua malori, kisha akatuzunguka sisi mara mbili akitafuta wale nzi wabaya.

"Huyu akiumwa na mbung'o amekwisha," alisema. "Kaa katikati ya sehemu iliyofyekwa, usilale porini. Washa moshi wa samadi karibu yake jioni."

Nikafanya alivyosema. Sengerema nililala kwa mama mmoja Mzinza aliyetuwashia samadi mlangoni, tukakohoa wote usiku kucha bila kulalamika.

Siku ya saba, mchana, vilima vya Geita vilitokea, kijani na karibu. Kabla ya kuona mgodi tuliusikia: mashine za kusaga mawe, mdundo usiokoma, kama moyo wa mtu mkubwa aliyelala chini ya ardhi. Nilidhani Kaniki atagoma. Alisikiliza, akalinganisha hatua zake na mdundo ule, akaendelea.

Mwenye farasi, injinia wa Kizungu mwembamba, alitoka ofisini akiwa na mikono mitupu. Aliinua kwato moja moja, akampapasa magoti, akamtazama machoni. "Mzima," alisema kwa Kiswahili. Kisha akaniuliza, "Athumani yuko wapi?"

Nikamweleza yote, pamoja na honi. Aliingia ndani, akarudi na barua. Ilisema Athumani aje mguu ukipona, nafasi yake ipo.

Nilirudi kwa malori ya watu, siku mbili tu. Njia ya siku saba ilipita dirishani kama kitambaa kinachovutwa. Nilijaribu kumwona Mama Limi pale Maganzo, nikaona mkono tu na moshi. Dereva alikuwa mtu mwema, lakini tulipowapita watu wa kando hakugeuza kichwa, nami nilijua kwa nini: kutoka juu pale hawaonekani kuwa watu. Wanaonekana kuwa sehemu ya njia. Tangu hapo nikiendesha huwa naondoa mguu kwenye mafuta mapema kuliko inavyohitajika, na wenzangu huniita bibi harusi.

Shinyanga nilikwenda moja kwa moja hospitali, na vumbi langu lote, nikawasimulia safari nzima, hata ile ya darajani. Mama Zuhura alimsomea mumewe barua mara mbili. Athumani aliichukua, akaikunja.

"Mguu sijakusamehe, Masanja," alisema.

"Najua, Bwana Athumani."

"Daktari anasema utabaki mfupi. Farasi umemfikisha. Hayo ni mambo mawili, na mimi sitayachanganya."

"Usiyachanganye."

Nikaomba ruhusa niende. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, na Mama Zuhura alikuwa anamwekea mto mgongoni.

"Rudi ukae," alisema. "Umesema kwenye daraja alimnusa yule mnyama wa chuma. Nieleze hapo tena, polepole. Masikio yake yalikuwaje?"